Mtoto wa Watu Nyumbani Mwetu

(Mazungumzo ya redio. Somo: Esta 2:5–11 na 4:13–16)

 

Atokaye mjini Kakamega kwa barabara ya Webuye hupita mbele ya chuo kikuu chenye jina la Masinde Muliro. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1972, siku zile za Harambee, nasi tulikiita WECO. Mwaka 2002 kikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 kikasimama chenyewe na kupewa jina hilo la Muliro. Kila asubuhi vijana wetu huingia humo na vitabu mkononi. Lakini tukiwauliza ni nani aliyemlea huyo Masinde Muliro, ni wangapi watakaotujibu?

Alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Matili, upande wa Kimilili. Hakukulia mikononi mwa baba na mama. Aliyemlea ni kaka yake mkubwa wa mama mwingine, jina lake Aibu Naburuku. Wapendwa, mnajua jinsi mambo ya mama huyu na mama yule yanavyoweza kuchoma ndani ya boma. Hata hivyo Naburuku alimchukua mdogo wake huyo nyumbani kwake. Kisha tazameni njia aliyopita mtoto yule. Alisoma katika shule za huku magharibi, akavuka mpaka kwenda kusoma Tororo, Uganda. Mwaka 1949 akaingia Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Aliporudi akawa mwalimu, na mwaka 1957 watu wa Nyanza ya Kaskazini, ndio sisi na wazee wetu, wakamchagua kwenda kutusemea katika Baraza la Kutunga Sheria. Alifariki ghafula mwezi wa Agosti 1992.

Tumesema chuo chetu kilikuwa kwanza chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Hilo nalo ni jina la mtu aliyelelewa na kaka yake. Daniel arap Moi alizaliwa mwaka 1924 huko Sacho, Baringo, na baba yake akafa mwaka 1928, mtoto akiwa na miaka minne tu. Kaka yake mkubwa, Tuitoek, ndiye aliyekuwa mlezi wake. Kijana alikuwa mchungaji wa mifugo. Mwaka 1934, wamisionari wa African Inland Mission walipotaka watoto wa kusoma, Tuitoek alimtoa mdogo wake aende shule ya misheni ya Kabartonjo. Hao watu wawili, Muliro na Moi, walikuwa pamoja katika chama cha KADU mwaka 1960, na baadaye siasa ikawatenga kabisa. Hatukuja hapa kuamua kesi yao. Tunataka mwone jambo moja tu: nyuma ya kila mmoja wao alisimama kaka aliyekubali kuwa baba.

Sasa tulifikirie jambo hili kwa makini, kwa maana hapa ndipo lilipo neno letu la leo. Katika miaka ile mtoto alikuwa mikono. Mtoto alichunga ng'ombe, alifukuza ndege shambani, alichota maji, alitafuta kuni. Mtu alipomchukua mtoto wa marehemu, jirani wangeweza kusema, "Amepata wa kumchungia." Basi mlezi aliyemtoa mtoto huyo aende shule alipungukiwa mikono. Ng'ombe hawakungoja mtoto amalize kusoma. Ilimpasa mwenye nyumba achunge mwenyewe, au amtume mwanawe wa kuzaa. Kumtia mtoto moyo, wapenzi, si maneno matamu tu. Ni neno jema pamoja na gharama yake. Anayekwambia, "Soma, mwanangu," kisha akakunyang'anya kitabu ili ukaoshe sufuria, huyo hajakutia moyo bado.

Tumetaja kwamba Muliro alikwenda kusoma Afrika Kusini. Katika nchi hiyo hiyo iko habari nyingine inayofanana na hizi, nayo imesimuliwa na mtoto mwenyewe alipokuwa mzee. Nelson Mandela alifiwa na baba yake akiwa mtoto mdogo. Mama yake alimchukua kwa miguu kutoka kijiji cha Qunu hata Mqhekezweni, akamkabidhi kwa Jongintaba Dalindyebo, aliyekuwa akishika utawala wa Wathembu kwa niaba ya mfalme aliyekuwa bado mdogo. Kwa nini Jongintaba alimpokea? Kwa sababu baba yake Mandela alikuwa amempendekeza yeye ashike utawala ule. Hakusahau wema wa marehemu, akaulipa kwa mtoto wake.

Katika nyumba ile mtoto mgeni aliwekwa sawa na Justice, mwana wa mwenye nyumba. Mke wa Jongintaba, NoEngland, akawa mama kwake. Siku ya kwenda shule ya bweni ya Clarkebury, shule ya Wamethodisti, Jongintaba alimpa viatu vya kwanza vya buti maishani mwake, akampeleka mwenyewe kwa gari lake. Alimwambia kwamba hakuzaliwa ili amalize maisha akiwachimbia wazungu dhahabu. Alimtaka awe mshauri wa mfalme. Neno hilo linatugusa sisi watu wa Kakamega. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa hapa kwetu, na vijana wetu wengi wakaingia mashimoni kwa ujira mdogo. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hata mwaka 1952. Mtoto asiye na baba wa kumsemea angeingia shimoni upesi kuliko wengine.

Lakini sikilizeni na mwisho wa habari ile. Mwaka 1941 Jongintaba aliwachagulia Mandela na Justice wachumba. Vijana hawakutaka, wakatoroka kwenda Johannesburg. Mandela aliyeambiwa kwamba mgodi si mahali pake akajikuta mlinzi wa usiku mgodini. Sasa jiwekeni mahali pa mlezi yule. Tungesema nini sisi? Tunajua tungesema nini. "Nilikuokota. Nilikulisha. Nilikuvika. Haya ndiyo shukrani?" Wengi wetu tumeyasikia maneno hayo katika nyumba zetu, na wengine wetu, Mungu atusamehe, tumeyasema wenyewe. Mwishoni mwa mwaka huo Jongintaba alifika Johannesburg, akamwita Mandela waonane. Hakutaja habari ya ndoa. Hakutaja habari ya kutoroka. Alimwuliza juu ya masomo yake na mipango yake ya mbele, kama baba amwulizavyo mwanawe. Miezi michache baadaye, mwaka 1942, mzee huyo akafariki. Mtoto alibaki na msamaha wa baba yake, akashika masomo yake hata akawa wakili.

Ndugu zetu, kumbe kumtia mtoto moyo kuna gharama mbili. Ya kwanza ni kupungukiwa mikono. Ya pili ni kutomdai deni. Mtoto wa kuzaa akikosa, tunasema amekosa. Mtoto wa watu akikosa, tunamfungulia daftari la chakula alichokula tangu siku aliyofika. Na mtoto anayeishi chini ya daftari la namna hiyo hawezi kuinua kichwa. Hata akipewa kipande cha nyama, hukila akitazama mlango.

Sasa tufungue somo letu. Kitabu cha Esta kinatueleza kwamba msichana Hadasa, yaani Esta, hakuwa na baba wala mama. Mordekai, aliyekuwa mtoto wa ndugu ya baba yake Esta, alimchukua akawa binti yake. Walikuwa watu wa uhamisho, wageni katika nchi ya Uajemi, wala hatuambiwi kwamba Mordekai alikuwa na mali. Esta alipochukuliwa kwenda nyumba ya mfalme, mlezi angeweza kusema, "Kazi yangu imekwisha, sasa ana wa kumlisha." Hakusema hivyo. Mstari wa 11 unasema kwamba kila siku alikuwa akitembea mbele ya ua wa nyumba ya wanawake, apate kujua hali yake. Kila siku! Hakuna aliyemlipa kwa matembezi yale.

Kwa sababu ya hatua zile za kila siku, siku ya hatari ilipokuja neno la Mordekai lilikuwa na uzito. Katika sura ya 4 alimwambia Esta jambo gumu: asidhani ataokoka peke yake katika jumba la mfalme, na huenda alipewa cheo kile kwa ajili ya wakati ule ule. Hilo halikuwa neno la kubembeleza. Lilikuwa neno la baba anayemwona mtoto wake kuwa ni mtu mwenye kazi ya Mungu. Esta akainuka, na taifa likaokolewa. Yatima akawa mkombozi wa jamaa yake, kwa maana kulikuwa na mtu mmoja aliyemhesabu kuwa mwana, si mzigo.

Wapenzi wasikilizaji, kulea mtoto wa ndugu si jambo geni hapa Kakamega. Tangu zamani mtoto aliyefiwa hakuulizwa aende wapi. Alikwenda kwa kukhu, au kwa senge, au kwa ndugu ya baba. Katika miaka ya UKIMWI, ambao serikali iliutangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999, tuliona nyanya wenye mvi wakianza kulea upya, wajukuu watano, sita, katika nyumba moja. Mwaka 2004 serikali ilianza kwa majaribio mpango wa kuwasaidia kwa fedha walezi wa mayatima. Mwaka 2022 nchi yetu ikapata Sheria mpya ya Watoto, na mwaka huo huo serikali ikaweka mpango wa miaka kumi, hata 2032, wa kuwatoa watoto katika makao ya mayatima na kuwarudisha katika jamaa. Ni jambo jema. Lakini sheria yaweza kumfikisha mtoto mlangoni tu. Haiwezi kumwambia, "Karibu, mwanangu, kitanda chako ni hiki."

Basi tujiulize kwa kweli mbele za Mungu. Tangu mwaka 2003 karo iliondolewa katika shule za msingi za serikali. Kwa hiyo kinachomzuia mtoto wa watu mara nyingi si karo. Ni mtungi wa maji. Jioni watoto wetu wa kuzaa wameketi mezani penye taa na vitabu vyao. Yule binti wa marehemu dada yetu yuko wapi? Yuko kisimani. Akirudi, ana sufuria. Akimaliza sufuria, ana mtoto mchanga wa kubeba. Taa ikizimwa ndipo anapotafuta kitabu chake. Mwisho wa muhula matokeo yanakuja, nasi twasema, "Huyu hana kichwa cha shule." Tumwogope Mungu. Tulimlaza kichwa hicho chini ya mtungi, kisha tukakilaumu kwa kutoinuka.

Hatusemi mtoto asifanye kazi. Mtoto asiyefanya kazi hajalelewa vema. Twasema kazi igawanywe sawa, na taa igawanywe sawa. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Wiki hii, kila nyumba yenye mtoto wa watu ifanye mambo matatu. Kwanza, siku moja mchukue mtungi wenu wenyewe, mtoto huyo akae na kitabu. Pili, nendeni shuleni kwake mkaulize hali yake, kama Mordekai alivyotembea mbele ya ua. Tatu, lile neno la "nilikuokota" lisisikiwe tena nyumbani mwenu. Na ninyi wazee wa kanisa, mnapotembelea washiriki, msiishie sebuleni. Muulize na habari za mtoto aliye jikoni.

Huenda jina lako halitaandikwa mahali popote. Wanafunzi wapitao katika chuo chetu hulisoma jina la Masinde Muliro, si la Aibu Naburuku. Lakini sisi sote tuliookolewa tulikuwa watoto wa nje, na Baba wa mbinguni akatufanya wana, akatuketisha mezani pamoja na Mwanawe, wala hatufungulii daftari la chakula. Aliyetendewa hivyo awezaje kumtenda mtoto vinginevyo?

Tuombe. Ee Baba wa yatima, twakushukuru kwa kaka, senge na nyanya waliotulea sisi tulipokuwa hatuna mtu. Twaungama kwamba tumewatumia watoto wako kama mikono tu. Tusamehe. Mwone usiku huu mtoto anayelala mwisho na kuamka wa kwanza. Mpe mtu mmoja wa kumwita mwanangu, na mtu huyo awe ni sisi. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.