Kukata rufaa kesi isipoendeshwa kwa haki

Mtu akihukumiwa na hakimu ana siku 14 tangu siku ya hukumu kukata rufaa Mahakama Kuu. Ni chache, na familia nyingi huzimaliza zikichanga pesa za wakili. Msingoje. Aliye gerezani anaweza kuandika rufaa mwenyewe na kumkabidhi msimamizi wa gereza, ambaye sheria inamtaka aifikishe mahakamani. Siku zikipita, mahakama yaweza kuongeza muda kukiwa na sababu nzuri, mfano kucheleweshewa nakala ya hukumu.

Kusema tu "nilionewa" hakutoshi. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kimetaja haki zenyewe: muda wa kujitayarisha, kuonyeshwa mapema ushahidi wa upande wa mashtaka, kuhoji mashahidi, mkalimani bila malipo. Majaji hutafuta ukiukaji huo katika kumbukumbu za kesi, yaani yale aliyoandika hakimu. Basi ombeni nakala mapema, mzisome ukurasa kwa ukurasa. Je, hakimu alibadilishwa katikati ya kesi? Yule mpya alipaswa kumwambia mshtakiwa kwamba anaweza kutaka mashahidi waitwe tena.

Huku kwetu pwani mengi huharibika kwenye lugha. Mgiriama au Muorma husomewa shtaka kwa Kiswahili cha mahakamani, ambacho ni kigumu hata kwetu wenyewe, akajibu "ndiyo", ikaandikwa amekiri. Na aliyekiri hawezi kupinga kutiwa hatiani. Hukubaliwa kulalamikia adhabu tu. Njia iliyobaki ni kuonyesha kuwa hakukiri kihalali. Tangu uamuzi wa kesi ya Adan mwaka 1973, hakimu anatakiwa kumweleza mshtakiwa shtaka lote kwa lugha anayoielewa, na kuandika jibu kwa maneno yake mwenyewe. Kisha upande wa mashtaka unaeleza yaliyotokea, naye anapewa nafasi ya kuyakubali au kuyakana. Kumbukumbu zisipoonyesha hayo, rufaa ina miguu.

Kushinda si lazima kurudi nyumbani. Kosa dogo lisiloharibu haki halifuti hukumu, na likiwa kubwa majaji mara nyingi huamuru kesi isikizwe upya. Wana uwezo pia wa kuongeza kifungo. Rufaa ikisubiri kusikizwa, mfungwa anaweza kuomba dhamana, ingawa hupewa kwa nadra, hasa pale rufaa inapoonekana wazi kuwa itafaulu.