Tinti ya kuzuia joto kwenye magari (Mbozi na ukanda wa Tunduma)

Tinti ya kuzuia joto ni utando mwembamba wa poliesta unaobandikwa upande wa ndani wa kioo cha gari ili kupunguza joto, mwanga na mionzi ya jua inayoingia. Unene wake kwa kawaida ni kati ya maikromita 38 na 50. Kampuni ya 3M ya Marekani ilipata hataza ya kwanza ya utando wa aina hii mwaka 1966. Katika Wilaya ya Mbozi, kama kwingineko Tanzania, tinti huchaguliwa zaidi kwa macho: kioo kikiwa cheusi sana hudhaniwa kuwa kinazuia joto sana. Dhana hiyo si sahihi, na wenye magari wengi hulipia giza wakidhani wamenunua ubaridi.

Mazingira

Mbozi Mission ni makazi yaliyokua kuzunguka kituo cha Kanisa la Moravian na hospitali yake, kwenye uwanda wa juu wa Mbozi, nchi ya Wanyiha, ya kahawa na maparachichi. Barabara kuu ya TANZAM kutoka Mbeya inapita Mlowo na Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016, hadi Tunduma mpakani na Zambia. Mlowo pia ndiko inakoanzia njia ya kuteremkia Kamsamba, katika bonde la Ziwa Rukwa, ambako mwinuko hushuka hadi karibu mita 800 na joto ni kali la kweli.

Uwandani kwenyewe hewa ni ya baridi, na Juni na Julai makoti hayavuliwi mapema. Kwa sababu hiyo mgeni huuliza tinti ya joto ni ya nini huku juu. Lakini hewa baridi si jua dhaifu. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban 10% kwa kila mita 1,000 za kupanda, na gari lililofungwa hujitengenezea hali yake ya hewa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kwamba siku ya nyuzi 22 tu za Selsiasi, siku ya kawaida kabisa Vwawa, ndani ya gari lililoegeshwa juani panaweza kufika nyuzi 47 katika muda wa saa moja. Sehemu nne kwa tano za ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza, na kuacha vioo wazi kidogo hakusaidii sana. Hakuna tinti inayobadilisha hatari hiyo kwa mtoto aliyeachwa garini wakati mzazi amepanga foleni hospitalini. Mtoto ashuke na mzazi wake.

Jua la Mbozi na upande wa gari

Mbozi ipo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari, wakati wa masika na mawingu, na katikati ya Oktoba, wakati wa kiangazi kikavu kabla ya mvua. Hufika juu kabisa karibu saa saba mchana badala ya saa sita kamili, kwa kuwa saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya 45 mashariki na Mbozi ipo karibu na ya 33.

Jua la utosini hupiga paa na kioo cha mbele kilicholala, wala haliingii sana milangoni. Kinachochoma abiria ni jua la pembeni, na hapo ndipo Mbozi ina jambo ambalo wenye magari wachache hulizingatia. Mwezi Juni jua huwa kaskazini, na hata mchana wa saa saba limeegemea nyuzi 32 kutoka utosini. Barabara ya Mbeya kwenda Tunduma inaelekea magharibi-kusini-magharibi, hivyo kaskazini huwa mkono wa kulia. Tanzania usukani upo kulia. Dereva anayekwenda Tunduma wakati wa kipupwe hupigwa na jua kwenye mkono wa kulia na shavu la kulia kwa saa nyingi, huku hewa ya nje ikiwa baridi. Akirudi, jua hilo hupiga abiria wa kushoto. Desemba mambo hugeuka, kwa kuwa jua lipo kusini, ila limesimama juu zaidi, kwa hiyo athari yake milangoni mchana ni ndogo.

Jua la jioni ni la kioo cha mbele kwa aendaye Tunduma. La asubuhi, hasa Julai, humkabili uso kwa uso anayetoka Tunduma kwenda Mbeya. Anayefanya safari hizo kila siku ananufaika zaidi na utando mzuri, angavu, kwenye kioo cha mbele na milango miwili ya mbele kuliko weusi wa vioo vya nyuma. Kwa desturi hufanywa kinyume.

Jinsi joto linavyoingia

Nguvu ya jua inayofika ardhini imegawanyika hivi kwa makadirio: urujuanimno ni 5% au pungufu, mwanga unaoonekana ni karibu 45%, na infraredi ni karibu nusu. Kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya yote. Viti na dashibodi hunywa mionzi hiyo, hupata joto, kisha hutoa joto la mawimbi marefu ambalo kioo hakilipitishi. Hapo ndipo gari linapogeuka tanuri.

Kutokana na mgawanyo huo, utando unaozuia infraredi yote na urujuanimno yote, lakini ukaacha mwanga wote upite, ungezuia takriban 55% ya nguvu ya jua. Kupita hapo ni lazima upunguze mwanga pia. Ahadi ya tinti angavu inayozuia 90% ya joto lote haiwezekani kimaumbile, hata kama imeandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye kasha.

Aina

Tinti ya rangi ndiyo ya bei nafuu na ndiyo iliyoenea. Rangi hunywa nguvu ya jua na kioo chenyewe kinapata moto. Gari likiwa mwendoni, upepo wa nje huchukua sehemu kubwa ya joto hilo. Gari likisimama, sehemu kubwa huingia ndani. Ndiyo maana dereva wa Fuso anaweza kuisifu akiwa anapandisha Vwawa na kuilaani akiwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Baada ya miaka kadhaa ya jua rangi hupauka na kugeuka zambarau.

Tinti ya metali ina tabaka jembamba la alumini au metali nyingine inayorudisha mionzi nje. Ni imara na huzuia joto vizuri hata gari likiwa limesimama. Hung'aa kama kioo cha kujitazamia, na inaweza kudhoofisha redio, simu na vifaa vya GPS vilivyo ndani, jambo zito kwa magari ya mizigo yanayofuatiliwa njiani.

Tinti ya kaboni ipo katikati ya hizo na haipauki haraka.

Tinti ya seramiki ina chembe ndogo sana za oksaidi za metali, kwa mfano za tangsteni, ambazo hunywa infraredi na kuacha mwanga upite. Haisumbui mawasiliano. Ndiyo bora kwa kioo cha mbele na milango ya mbele, na ndiyo ghali. Zipo pia tando za tabaka nyingi zisizo na metali, kama Crystalline ya 3M yenye tabaka zaidi ya 200, zinazorudisha infraredi huku zikibaki karibu angavu.

Kusoma takwimu za kasha

Kasha halisi la tinti huwa na namba kadhaa. VLT ni asilimia ya mwanga unaopita: 70 ni angavu, 35 ni ya wastani, 5 ni giza totoro. TSER ni asilimia ya nguvu yote ya jua inayozuiwa, yaani mwanga, infraredi na urujuanimno kwa pamoja. Mnunuzi anayetafuta nafuu ya joto atazame TSER kwanza. Tinti ya rangi nyeusi kabisa inaweza kuwa na TSER ya chini kuliko seramiki ambayo mtu anaweza kusoma gazeti kupitia kwayo.

Namba inayopotosha zaidi ni ile ya infraredi peke yake. Mara nyingi hupimwa katika kipande chembamba cha mawimbi, kwa mfano kati ya nanomita 900 na 1,000, ilhali infraredi ya jua huanzia karibu nanomita 780 hadi 2,500. Tena infraredi ni nusu tu ya nguvu yote. Kuzuia 99% katika kipande hicho si kuzuia 99% ya joto. Jaribio la taa dukani, ambapo mteja huweka mkono nyuma ya kipande cha tinti kilichomulikwa, lina kasoro hiyohiyo: taa ile hutoa infraredi nyingi sana kuliko jua, kwa hiyo kila utando wa infraredi huonekana wa ajabu. Ni afadhali kubandika kipande kwenye dirisha la gari lenyewe na kukaa juani nusu saa. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kioo juu ya kioo

Magari mengi ya Mbozi, Noah, Probox na Hiace kwa wingi, yametumika Japani kabla ya kuletwa. Sheria za Japani zinataka kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele vipitishe angalau 70% ya mwanga, hivyo vioo hivyo huja na rangi hafifu ya kijani. Vya nyuma mara nyingi huja vyeusi tayari. Weusi huo umo ndani ya kioo chenyewe, haukubandikwa, na kazi yake kubwa ni kuficha. Hunywa joto na kulirudisha ndani.

Namba za mwanga huzidishwa, hazijumlishwi. Kioo kinachopitisha 80% kikibandikwa tinti ya 70 hubaki na 56%. Kioo cha nyuma kinachopitisha 25% kikibandikwa tinti ya 35 hubaki na chini ya 9%, na usiku dereva anayerudi kinyumenyume haoni kitu. Kwa vioo vya nyuma vilivyokuja vyeusi, utando wa seramiki ulio karibu angavu ndio chaguo la busara: hupunguza joto bila kuongeza giza.

Giza la mbele ni kosa kubwa zaidi. Barabara ya TANZAM usiku ina watembea kwa miguu, baiskeli za mkaa na bodaboda zisizo na taa, na masika huleta ukungu. Dereva anayeteremka Mbalizi, karibu na Mbeya, usiku akiwa na tinti ya 20% kwenye milango ya mbele anaendesha nusu kipofu.

Ngozi na macho

Kioo cha mbele kina tabaka la plastiki katikati na huzuia karibu urujuanimno yote. Vioo vya milango kwa kawaida havina. Vipimo vya magari 29 vilivyochapishwa Marekani mwaka 2016 vilionyesha vioo vya mbele vikizuia wastani wa 96% ya mionzi ya UVA (aina ya urujuanimno), na vya pembeni wastani wa 71%, vingine 44% tu. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani mwenye miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa umezeeka na kukunjamana kuliko wa kulia. Kwa dereva wa Tunduma upande huo ni wa kulia.

Kwa watu wenye ualbino, ambao Tanzania wanakadiriwa kuwa takriban 1 kati ya 1,400, jambo hili si la starehe. Saratani ya ngozi hukatisha maisha ya wengi wao mapema. Tinti nzuri ya aina yoyote, hata iliyo angavu kabisa, huzuia zaidi ya 99% ya urujuanimno. Gari la familia yenye mtoto mwenye ualbino, na gari la shule linalombeba, linastahili utando huo kwenye kila dirisha, pamoja na kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa Moshi katika hospitali ya KCMC.

Ubandikaji

Hufanywa kwa maji ya sabuni, raba, wembe na kipulizia joto, mahali pasipo vumbi. Vioo visishushwe kwa siku tatu hadi tano. Wakati wa kipupwe gundi hukauka polepole zaidi, na ukungu mwepesi kati ya utando na kioo unaweza kubaki kwa wiki kadhaa. Malengelenge yanayoongezeka badala ya kupungua ni dalili ya kazi mbaya.

Sheria kwingineko

Mei 2014 serikali ya Kenya iliagiza vioo vya giza viondolewe kwenye magari ya abiria baada ya mabomu ya mabasi katika barabara ya Thika. Falme za Kiarabu, mwaka 2017, ziliruhusu tinti ya hadi 50%. Seramiki angavu hutimiza lengo la joto bila kugombana na sheria za aina hiyo.

Hali ya sasa

Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, na magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini, yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita hapo yakiwa na vioo vyake vya Japani. Mabasi bado hutumia mapazia. Katika malori, kitenge kilichobanwa juu ya kioo cha mlango wa kulia ndicho kinga ya kawaida dhidi ya jua kwenye foleni.