Mashua na Machweo Jijini Nairobi

Matembezi ya mashua wakati wa machweo ni burudani ya miji yenye pwani, ziwa au mto mpana. Abiria hupanda chombo saa moja hivi kabla ya jua kuzama, hupitishwa mbele ya majengo ya mji, kisha hurudishwa gatini taa zikiwa zimeshawaka. Nairobi haina pwani, na mto wake haupitishi chombo. Hata hivyo boti zimo, machweo yamo, na wakazi wamejua kuvikutanisha viwili hivyo: kwenye ziwa dogo la Uhuru Park, zamani kwenye Bwawa la Nairobi, na siku hizi mara nyingi zaidi nje kabisa ya jiji.

Uhaba huu una historia. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899, na mahali hapa palipendwa kwa sababu palikuwa na ardhi tambarare na maji kabla ya mpando wa kuelekea Kikuyu na mteremko wa Bonde la Ufa. Maji hayo yalitosha kunywewa na watu na kujaza matangi ya injini za mvuke. Hakuna aliyefikiria kuelea juu yake. Miji mingine mingi ya Afrika Mashariki ilizaliwa bandarini; Nairobi ilizaliwa stesheni.

Mto Nairobi wenyewe huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, katika Kaunti ya Kiambu. Hupita Dagoretti na Kawangware, hufuata mabonde ya mitaa ya magharibi hadi Riverside Drive, hupita Chiromo na chini ya Museum Hill, kisha hushika njia ya Gikomba na mashariki ya jiji. Wakati wa kiangazi huwa kijito ambacho mtoto wa shule anaweza kuvuka kwa kurukia mawe. Mvua za masika zikipamba moto hugeuka mkondo wa matope unaobeba kila kitu, kama ilivyoonekana katika mafuriko ya mwaka 2024. Hali zote mbili hazimfai nahodha. Kwenye Riverside Drive maofisi na majumba ya kupanga yanajinadi kwa jina la mto, ingawa ni wapangaji wachache waliowahi kuuona. Anayetaka kukaa kando ya mto huo kwa raha huenda Michuki Park, karibu na Museum Hill, bustani iliyopewa jina la John Michuki, aliyeshughulikia usafishaji wa mto alipokuwa waziri wa mazingira.

Maji hayo hatimaye huifikia bahari, ila kwa mzunguko mrefu. Mto Nairobi huingia Athi, nao Athi huteremka kwa majina ya Galana na Sabaki hadi kaskazini mwa Malindi. Kabla ya hapo kuna maporomoko ya Fourteen Falls, upande wa Thika, ambako vijana wa huko huwavusha wageni kwa mashua juu ya mto huohuo. Povu linaloelea pale limetokana kwa kiasi kikubwa na majitaka ya jiji, kwa hiyo Mnairobi anayelipa nauli ya mashua hiyo hukutana na maji aliyoyaaga nyumbani.

Katikati ya jiji, boti ni za Uhuru Park. Bustani hii, yenye ukubwa wa takriban hekta 13, ilifunguliwa rasmi na Rais Jomo Kenyatta mwezi Mei 1969. Iko chini ya mwinuko wa Upper Hill, kando ya barabara ya Uhuru Highway, na ndani yake mna ziwa la kuchimbwa lenye boti za makasia na za kukanyaga kwa miguu kama baiskeli. Haikusudiwa kuwa kivutio cha watalii wa kigeni, na kwa kweli wageni wengi huipita wakielekea mbugani. Wateja wa boti ni watoto waliofunga shule, jamaa waliokuja mjini kutoka mashambani, vijana walio katika mapenzi, na familia nzima siku za Krismasi, Pasaka na Idi. Wapigapicha huzunguka wakitafuta wa kuwapiga picha, wachoraji huwapaka watoto rangi usoni, na harufu ya mahindi ya kuchoma hufika hadi ziwani. Mzunguko mmoja ni mfupi. Anayekanyaga pedali kwa mara ya kwanza hutumia nusu ya muda wake akigonga ukingo.

Bustani hiyohiyo imebeba mambo mazito kuliko boti. Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa hapo mwezi Agosti 1985. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga humo mnara wa ghorofa 60 wa shirika la magazeti la chama tawala, na mradi ukaachwa baada ya wafadhili kujitoa. Lau ungejengwa, mandhari yote yanayoelezwa katika makala haya yangekuwa mengine. Katiba ya sasa ya Kenya ilizinduliwa papo hapo tarehe 27 Agosti 2010. Mwaka 2021 milango ilifungwa kwa muda kwa ajili ya ukarabati mkubwa, na mwaka uliofuata barabara ya juu ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27, ilianza kutumika ikipita kando ya bustani. Nguzo zake zimejitia katika picha ya kila anayelenga kamera upande wa mjini.

Mgeni akiingia kwenye boti ya Uhuru Park jioni, jambo la kwanza analofanya ni kulitafuta jua magharibi. Hapo anakosea. Upande huo kuna Upper Hill na maghorofa yake, likiwemo jengo la Britam Tower lenye urefu wa mita 200 hivi, na jua hujificha nyuma yake mapema kabla halijafika upeo wa macho. Tamasha liko mashariki. Kivuli cha kilima hutambaa juu ya maji, huvuka Uhuru Highway, kisha huanza kupanda majengo ya katikati ya jiji kuanzia chini. Ghorofa za chini huwa za kijivu wakati zile za juu bado ni za dhahabu. Mnara wa KICC, uliokamilika mwaka 1973 kwa mchoro wa Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, huonyesha jambo hili vizuri kuliko jengo jingine lolote, kwa kuwa umbo lake la mviringo hupokea mwanga kidogokidogo badala ya kuuakisi kama kioo. Times Tower, yenye urefu wa mita 140, hubaki na mwanga kwa muda mrefu zaidi lakini haina haiba hiyo.

Yote haya huisha upesi. Nairobi iko kama nyuzi moja na robo tu kusini mwa ikweta, na jua huteremka karibu wima, wala halitelezi kwa mshazari kama linavyofanya katika nchi za kaskazini. Tangu kuzama kwake hadi kuhitaji taa ni kama dakika 20. Katika majira ya joto London au Stockholm, chombo cha matembezi kinaweza kuzunguka kwa saa nzima mwanga ukiwa bado upo. Nairobi abiria aliyechelewa kufunga jaketi la kujiokolea ameshakosa sehemu nzuri. Saa zenyewe hubadilika kidogo: mwanzoni mwa Novemba jua hutua mnamo saa kumi na mbili na dakika ishirini, na katikati ya Februari hukaribia saa moja kasoro dakika kumi. Kwa kuwa bustani za jiji hufungwa giza linapoingia, boti za mwisho hurudi ukingoni mapema, na anayetaka mwanga wa mwisho huutazama akiwa nchi kavu.

Miezi nayo haifanani. Januari na Februari anga huwa safi, na kwa mtu aliye katikati ya jiji jua hutua upande wa kusini-magharibi, kuelekea vilima vya Ngong vyenye kimo cha takriban mita 2,460. Juni na Julai huhamia kaskazini-magharibi, lakini wakati huo Nairobi hufunikwa na wingu zito la baridi linaloweza kudumu siku kadhaa mfululizo. Anayepanga matembezi ya machweo mwezi Julai anahitaji bahati, pamoja na sweta.

Wenye haraka ya kuona jua lenyewe hupanda juu badala ya kushuka majini. Paa la KICC limekuwa likipokea wageni wanaolipa kiingilio, na maghorofa ya Westlands na Kilimani yana mikahawa ya juu kabisa inayouza jioni kwa bei ya vinywaji. Huko hakuna maji, lakini magharibi iko wazi. Kwa upande wa boti, vitongoji vina vidimbwi vyake: Mamba Village, upande wa Karen na Lang'ata, ina kidimbwi cha boti karibu na mabwawa ya mamba (wageni huuliza mara mbili kama vimetenganishwa, vimetenganishwa), na Paradise Lost, kwenye barabara ya Kiambu, ina boti, mapango na maporomoko. Ni mahali pa mchana zaidi kuliko pa machweo.

Jiji liliwahi kuwa na kitu kilichokaribia ukingo wa maji wa kweli. Bwawa la Nairobi lilikamilika mwaka 1953 kwa kuziba Mto Motoine, unaotokea upande wa Dagoretti na msitu wa Ngong Road, ili kuweka akiba ya maji ya kunywa kwa dharura. Lilichukua takriban ekari 88 kati ya Kibera na mitaa ya Lang'ata. Maji yalikuwa na upana wa kutosha kupokea upepo, na klabu ya mashua za tanga ilianzishwa ukingoni mwake. Kwa miongo kadhaa watu walivua samaki na kushindana kwa matanga mahali ambapo leo dereva wa Southern Bypass hapadhanii kuwa ni bwawa. Magharibi ya maji yale hapakuwa na maghorofa ya kulificha jua. Kwa hiyo Nairobi ilikuwa na mahali pa matembezi ya machweo kwa maana kamili ya maneno hayo, na ikapaachia.

Kilichopaua ni mambo mawili yaliyosaidiana. Majitaka na taka ngumu kutoka mitaa iliyokua bila mabomba ya majitaka vilileta tope na virutubisho, na virutubisho vikaleta magugu maji, mmea wa Amerika Kusini unaoweza kuongezeka maradufu kwa wiki chache katika maji ya namna hiyo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uso wa bwawa ulikuwa umezibwa, na mashua hazikuweza tena kushindana. Kadiri tope lilivyojaa, kingo zikawa mashamba ya mboga na nduma. Miradi ya kulisafisha imetangazwa zaidi ya mara moja. Ni rahisi kuiona hasara hii kama ya watu wachache wenye mashua, lakini wakazi wa Kibera ndio waliokuwa na maji mapana hatua chache kutoka mlangoni, nao ndio waliobaki na mbu.

Kwa sababu hizo Mnairobi anayetaka matembezi ya machweo ya kweli husafiri. Karibu kabisa ni Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi, ambako kambi na hoteli za upande wa kusini mwa ziwa zina boti za injini. Mlima Longonot, wenye kimo cha mita 2,776, hupokea rangi za jioni kama KICC inavyozipokea jijini. Boti hizo hurudi kabla ya giza kwa sababu isiyo na uhusiano na taratibu za ofisi yoyote: viboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na hakuna anayetaka kuwa njiani mwao.

Wengi huwaza Mombasa, hasa tangu treni ya Madaraka Express ianze safari mwaka 2017. Hapa kuna jambo ambalo watu wa bara huligundua wakishafika: pwani ya Kenya inatazama mashariki. Bahari ile ni ya macheo. Jua la jioni huzama nyuma ya minazi na mahoteli, na aliyekaa ufukweni Nyali au Diani hulipa kisogo. Ndiyo maana matembezi ya machweo ya pwani hufanyika kwenye hori na mikono ya bahari: Kilifi, Mida, mlango wa Lamu na Manda, na Bandari ya Kale ya Mombasa. Hapo Mombasa jahazi za mkahawa wa Tamarind huondoka upande wa bara, na kutoka majini jua huonekana likishuka nyuma ya Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Jambo la kuchekesha ni kwamba kampuni ya mkahawa huo ilianzia Nairobi, mwaka 1972, ikiuza samaki wa baharini katika jiji lisilo na bahari.

Anayetaka jua lizame majini penyewe ana njia mbili. Moja ni Unguja, kwa kuwa Mji Mkongwe unatazama magharibi na mashua za Forodhani huelekea jua moja kwa moja. Nyingine ni Kisumu, ambako Ghuba ya Winam imefunguka upande wa magharibi na wavuvi wa Dunga huwapakia wageni jioni. Jua la Kisumu hutua dakika nane hivi baada ya lile la Nairobi, na la Mombasa dakika kumi na moja hivi kabla yake, ingawa saa za mkononi zinasoma sawa. Kisumu nako adui ni yuleyule wa Bwawa la Nairobi. Magugu maji yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na licha ya mbawakavu walioachiliwa kuyala, bado huelea kwa vipande vikubwa vinavyosukumwa na upepo. Upepo ukiyaleta Dunga, boti hazitoki. Ukiyapeleka ng'ambo, safari huendelea kama kawaida.