Alama na Nafasi: Historia ya Mtihani wa Mchujo katika Ufuko wa Gitaza na Rumonge

Matokeo ya mtihani wa kitaifa wa darasa la 9 nchini Burundi yanapotangazwa, mjadala wa wazazi, walimu na viongozi wa tarafa huanzia kwenye asilimia ya waliofaulu na mara nyingi huishia hapo hapo. Shule iliyopata asilimia ndogo huhesabiwa kuwa na walimu wazembe au watoto wasiopenda kusoma. Makala hii inahoji usomaji wa namna hiyo kwa kuitazama historia ya mtihani wenyewe katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, hasa Gitaza katika tarafa ya Muhuta, na Rumonge iliyo kusini yake kwenye barabara kuu ya 3. Hoja yetu ni kwamba mtihani wa mchujo haujawahi kupima maarifa ya mtoto peke yake. Umepima pia idadi ya nafasi ambazo serikali ilikuwa tayari kuzitoa, na lugha ambayo iliamua kuzitolea.

Mchujo ni mkongwe kuliko mtihani. Katika enzi ya Wabelgiji elimu ya Ruanda-Urundi ilikuwa zaidi mikononi mwa misheni, na shule maarufu kuliko zote, ile ya Mabruda wa Upendo huko Astrida, iliwaandaa kwanza watoto wa machifu wawe makarani na wasaidizi wa utawala. Aliyechaguliwa alijulikana kwa ukoo wake kabla ya kujulikana kwa daftari lake. Kiswahili, kilichokuwa lugha ya utawala wakati wa Wajerumani, kilisukumwa pembeni kikabaki sokoni, mitumbwini, misikitini na katika vitongoji vya wafanyabiashara. Kwa ufuko jambo hili halikuwa dogo: lugha iliyowaunganisha watu wa Rumonge na Ujiji, Kigoma na Uvira haikuwa na thamani yoyote mbele ya mlango wa shule.

Baada ya uhuru wa 1962 shule iligeuka njia kuu ya kuifikia ajira ya serikali, na kwa hiyo mtihani wa kuingia sekondari ukawa suala la kisiasa. Ni vigumu kuuandika mwaka 1972 kwa maneno machache. Uasi ulizuka tarehe 29 Aprili katika eneo la Rumonge na Nyanza-Lac, na ukandamizaji uliofuata ukawalenga Wahutu waliosoma nchi nzima: walimu, watumishi, hata wanafunzi wa sekondari waliochukuliwa kutoka shuleni. Idadi ya waliouawa hukadiriwa kati ya 100,000 na 300,000. Kwa mwanahistoria wa elimu kuna swali ambalo hakuna jedwali la matokeo linaloweza kulijibu: mzazi aliyeona kwamba kusoma kumemuua ndugu yake alimpeleka mwanawe kwenye chumba cha mtihani kwa moyo gani?

Mageuzi ya 1973 yaliifanya Kirundi kuwa lugha ya shule ya msingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Bagaza ilipanua shule hizo kwa utaratibu wa zamu mbili kwa siku. Madarasa ya chini yalijaa. Sekondari hazikuongezeka kwa kasi ile ile, na Kifaransa kiliendelea kuwa lugha ya huko juu. Hapo ndipo mtihani wa darasa la 6 ulipokuwa mkali kweli kweli. Mtihani wa mchujo si kama mtihani wa cheti. Mstari wa kufaulu hauwekwi mahali ambapo maarifa yanatosha, bali mahali ambapo viti vinakwisha. Mtoto angeweza kujibu vizuri kuliko kaka yake aliyemtangulia na bado akabaki nje. Tuhuma kwamba karatasi za watahiniwa ziliwekewa alama za siri, herufi «i» na «u», ili kuwatambua Wahutu na Watutsi, zimejadiliwa na watafiti kadhaa. Ziwe zilitekelezwa kwa kiwango gani, kuaminiwa kwake kwenyewe ni ukweli wa kihistoria: sehemu kubwa ya wananchi iliacha kuamini kwamba alama ni alama.

Upendeleo wa kimkoa ulionekana wazi zaidi. Marais Micombero, Bagaza na Buyoya wote walitoka Rutovu, mkoani Bururi, na mkoa huo ulipata shule za sekondari kuliko mikoa mingi. Hapa pana mtego kwa mtafiti asiyeujua ufuko. Wakati huo tarafa ya Rumonge nayo ilikuwa ndani ya Bururi. Mtoto wa mvuvi wa Rumonge alihesabiwa katika mkoa uliopendelewa, ilhali shule zenye sifa zilikuwa juu milimani, upande wa Matana na Rutovu. Gitaza, kwa upande wake, ilihesabiwa katika Bujumbura Vijijini. Pwani moja, dagaa wale wale, mikoa miwili ya takwimu.

Vita vilivyofuata mauaji ya Rais Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 viliongeza pengo hilo. Kuanzia Septemba 1999 serikali iliwakusanya kwa nguvu watu zaidi ya 300,000 kambini, wengi wao katika Bujumbura Vijijini. Si ajabu basi kwamba Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, katika Itifaki yake ya Kwanza, ulitaja mgawanyo wa haki wa majengo ya shule na vitabu, pamoja na uwazi na usawa katika mitihani. Mitihani ya watoto ikawa kipengele cha mkataba wa amani! Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na madarasa yakafurika upya.

Sehemu ya historia hii inayowahusu zaidi wanakongamano wa Kiswahili ni ile ya waliorejea. Wakimbizi wa 1972 walikuwa wameishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania kwa zaidi ya miaka 35. Kuanzia 2008 makumi ya maelfu walirudi Burundi, na Rumonge ikawa miongoni mwa sehemu zilizowapokea wengi. Watoto wao walikuwa wamesoma hesabu, sayansi na jiografia kwa Kiswahili. Walifika kwenye mfumo ambao kwa miaka minne ya mwanzo hufundisha kwa Kirundi, na kuanzia darasa la 5 kwa Kifaransa. Mtoto aliyejua kukokotoa eneo la pembetatu hakuweza kulisoma swali lenyewe, na karatasi haina mahali pa kuandika kwamba jibu analijua kwa lugha nyingine. Kiswahili kilikuwa tayari kimeingia katika shule za msingi katika muongo huo, pamoja na Kiingereza, Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kiliingia, hata hivyo, kama somo; hakikuwa chombo cha kufundishia masomo mengine.

Kwamba lugha ina uzito huo si dhana tupu. Katika tathmini ya PASEC ya 2014, iliyohusisha nchi 10 zinazotumia Kifaransa, watoto wa Burundi wa mwanzo wa shule ya msingi, waliopimwa kwa Kirundi, walikuwa mbele ya wenzao. Mwishoni mwa shule ya msingi, walipopimwa kwa Kifaransa, walifanya vizuri katika hisabati kuliko katika kusoma. Akili ni zile zile. Kilichobadilika ni lugha ya karatasi.

Sheria ya Septemba 2013 iliunda shule ya msingi ya miaka 9, na mchujo ukahama kutoka darasa la 6 hadi darasa la 9. Darasa lililoingia la 7 mwaka huo ndilo lililofanya mtihani wa kwanza wa aina hiyo mwaka 2016. Tulifuate darasa hilo Gitaza. Lilipokuwa la 8, mwishoni mwa Machi 2015, maporomoko ya udongo yaliishukia Gitaza, yakaua watu, yakabomoa nyumba na kuifunga barabara ya Bujumbura. Mwezi huo huo mkoa mpya wa Rumonge uliundwa, na Muhuta ikatolewa Bujumbura Vijijini ikatiwa humo. Mwezi uliofuata machafuko ya kisiasa yalianza katika jiji ambalo ufuko huu huliuzia samaki wake. Atakayelinganisha matokeo ya Gitaza kabla na baada ya 2016 atakuwa analinganisha mitihani miwili tofauti, ya watoto wa umri tofauti, iliyohesabiwa katika mikoa miwili tofauti.