Msindikizaji Anaishia Wapi?

Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unampokea mkoba, unatoka naye, mnapita kisimani, mnafika njia panda. Hapo ndipo mnapeana mikono, na hata hapo maneno hayaishi. Bibi yangu alikuwa na njia panda yake ya mbali zaidi, yaani stesheni ya treni. Akimsindikiza mtu alifika naye mpaka kwenye behewa, kisha akasimama chini ya dirisha akiendelea kumpa salamu za kupeleka huko aendako. Filimbi ikishalia, ndiyo kwanza anakumbuka jambo la maana.

Nilimkumbuka bibi mwaka jana, nilipomsindikiza mama kwenye reli mpya. Tuliagana langoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ni nani aliyeamua msindikizaji aishie wapi?

Tuanzie chini kabisa, kwenye kokoto. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, enzi za Wajerumani, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ni reli nyembamba, upana wake mita moja. Katika stesheni ndogo za bara, mahali pa kupandia palikuwa chini na sakafu ya behewa iko juu, kwa hiyo abiria alipanda ngazi za chuma huku ameshikilia nguzo ya pembeni. Mtu mzima alisukumwa kwa nyuma na kuvutwa kwa ndani. Mzigo ulipitia dirishani, na mara nyingine mtoto naye.

Ilikuwa taabu, sikatai. Lakini taabu ile ndiyo iliyompa msindikizaji kazi. Bila yeye, nani angekuinulia gunia la mchele? Nani angekushikia mtoto wakati unatafuta nafasi daraja la tatu? Alifika hadi behewani kwa sababu alihitajika, na kwa kuwa alikuwa pale tayari, akapata na nafasi ya kuaga.

Wala tusidhani kufungiwa nje ya treni ni jambo la juzi. Ufaransa, reli zilipokuwa changa, abiria waliwekwa katika vyumba vya kungojea na milango ikafungwa mpaka treni iwe tayari. Wakishapanda, milango ya mabehewa nayo ilifungwa kwa nje, eti wasije wakaruka treni ikienda. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilipata ajali karibu na Meudon na kuwaka moto. Watu waliungua ndani ya mabehewa yaliyofungwa, akiwemo baharia mashuhuri Dumont d'Urville pamoja na mke na mwanawe. Baada ya hapo desturi ya kuwafungia abiria ikaachwa. Utaratibu uliowekwa kwa ajili ya usalama ndio uliowazuia kutoka.

Sisi wapenda vitabu tuna deni letu pia kwa stesheni zilizo wazi. Katika Anna Karenina ya Tolstoy, Vronsky anakutana na Anna mlangoni mwa behewa, kwenye stesheni ya Moscow. Sasa jiulize: Vronsky alikuwa anasafiri kwenda wapi? Hakuwa anasafiri. Alikuja kumpokea mama yake. Oblonsky naye alikuja kumpokea dada yake, ambaye ndiye Anna. Ingekuwa asiye na tiketi haruhusiwi kusogea, Vronsky angesubiri nje kwenye baridi, na Tolstoy angelazimika kutafuta mlango mwingine wa kuwakutanishia.

Basi turudi kwetu. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Zote zina upana wa milimita 1,435. Na upandaji umebadilika. Unafika mapema, mzigo unapita kwenye mashine, tiketi inakaguliwa, unangoja ukumbini mpaka uitwe. Ukifika kwenye treni, jukwaa limeinuliwa, huna ngazi ndefu ya kupambana nayo.

Jukwaa hilo silibezi hata kidogo. Mama yangu ana magoti mabovu. Kwenye ngazi za zamani angehitaji watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na aibu ya kuinuliwa kama furushi. Safari hii, alivyonisimulia, aliingia kwenye behewa kama anayeingia sebuleni kwake. Heshima ya namna hiyo mtu mzima haisahau. Ila jukwaa lililompa mama heshima ndilo lililoniachisha mimi kazi, na aliyeachishwa kazi hakawii kuonekana hana sababu ya kuwepo.

Je, ni lazima iwe hivyo? Japani wanasema si lazima. Treni zao za kasi, Shinkansen, zilianza tarehe 1 Oktoba 1964. Majukwaa yake yana kimo cha milimita 1,250 juu ya reli, karibu sawa na sakafu ya treni, na alama zinaonyesha kila mlango utasimama wapi. Utaratibu wao ni mkali, na bado stesheni zao zinauza tiketi ya kuingilia tu, kwa bei ndogo, kwa yule asiyesafiri. Anapita langoni, anamfikisha mtu wake mpaka jukwaani, anarudi nyumbani. India nako tiketi ya namna hiyo ipo. Kwa hiyo kimo cha jukwaa na mwisho wa msindikizaji ni maamuzi mawili tofauti. La kwanza tumeamua vizuri. La pili sijui kama tulikaa kulijadili.

Siku ile nilikuwa bado nje, natafuta bodaboda, simu ikaita. Ni mama. Alikuwa ameshakaa dirishani na treni ilikuwa haijaondoka.

"Mwanangu, nilisahau kukwambia kitu," akasema.

Nikageuka kulitazama jengo, nikijaribu kukisia dirisha lake liko upande gani.