UUNET: Njia kuu ya intaneti iliyowaponza wamiliki wake

UUNET ni miongoni mwa kampuni za kwanza kuuza huduma za intaneti nchini Marekani. Ilianzishwa na Rick Adams mwaka wa 1987 katika jimbo la Virginia, wakati ambapo njia kuu ya intaneti, NSFNET, iligharimiwa na serikali na kuwekewa vikwazo dhidi ya matumizi ya kibiashara.

Mnamo 1991, UUNET, PSINet na CERFnet ziliunda CIX, kituo cha kupitishiana mawasiliano ya wateja wao bila kutegemea NSFNET. Serikali ilipofunga njia yake mwaka wa 1995, kampuni za kibinafsi zilishika usukani.

Ndipo matajiri walipoanza kuzing'ang'ania. Mwaka wa 1996 MFS iliinunua UUNET, nayo MFS ikanunuliwa na WorldCom mwaka uo huo. WorldCom ilipoungana na MCI mwaka wa 1998, wadhibiti walilazimisha mtandao wa intaneti wa MCI uuzwe kwa Cable & Wireless, wakihofia ukiritimba.

PSINet ilifilisika 2001. Mwaka uliofuata iligunduliwa kwamba WorldCom ilificha gharama zake vitabuni, ikiwemo ada za kukodi laini. Ilifilisika, maelfu wakapoteza ajira, wenye hisa wakaambulia patupu. Aliyekuwa mkuu wake, Bernard Ebbers, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka wa 2005.

Hata hivyo, mitambo haikuzimwa. Kampuni hiyo, ikiitwa tena MCI, ilinunuliwa na Verizon mwaka wa 2006.