Gari la michezo la zamani: Jinsi linavyoundwa upya kwa mbio za kihistoria

GARI la michezo huundwa kwa ajili ya lami. Hukaa chini karibu na barabara, springi zake ni ngumu na bodi yake ni nyepesi. Sifa hizo hulipa kasi kwenye barabara laini, lakini ndizo hizo hizo zinazoliangamiza kwenye udongo, mawe na makorongo.

Msomaji aliyewahi kupanda basi kati ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, kabla ya barabara hiyo kuanza kutandikwa lami, hahitaji kuelezwa zaidi. Kiangazi kulikuwa na vumbi jekundu linalopenya kila upenyo, na wakati wa mvua utelezi na mashimo yasiyoonekana chini ya maji. Katika nyanda hizo za juu gari linaloaminika ni lile lililoinuka, lenye springi imara, ambalo fundi wa kijijini anaweza kulitengeneza. Anayeandaa gari la michezo kwa mbio za kihistoria huanza na gari la tabia iliyo kinyume kabisa, kisha hulijengea ustahimilivu huo huo.

Asili ya mashindano

Mbio za masafa marefu za Afrika Mashariki zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 zilipewa jina la East African Safari Rally, na mwaka 1973 zikaingizwa katika msimu wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali. Katikati ya miaka ya 1970 njia hiyo ilibaki ndani ya Kenya peke yake.

Gari la michezo lililovuma zaidi katika kipindi hicho ni Datsun 240Z kutoka Japani, lenye injini ya silinda sita ya ujazo wa lita 2.4. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda nalo, huku gari jingine la aina hiyo, lililoendeshwa na Shekhar Mehta, likishika nafasi ya pili. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alipata ushindi wake wa kwanza kati ya mitano. Yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa pia na Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawa. Mehta alipewa ushindi kwa kuwa alikwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kuadhibiwa.

Porsche 911 ya Ujerumani haikuwa na bahati hiyo. Ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, ikarudia 1974 na tena 1978. Mwaka huo wa 1978 kiwanda kiliiinua gari hilo hadi kufikia takriban sentimita 28 kutoka ardhini, lakini ushindi ulikwenda kwa Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa akiendesha Peugeot 504.

Mwaka 2003, miaka 50 baada ya mbio za kwanza, yalianzishwa mashindano ya East African Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani yanayosukumwa na magurudumu mawili tu. Mashindano hayo yaliirudisha Tanzania katika njia, hasa upande wa Kaskazini.

Kinachobadilishwa

Kazi huanzia kwenye bodi tupu. Maungio yake huchomelewa upya kwa uimara zaidi, kwa kuwa bodi ya kawaida hupasuka kutokana na mtikisiko wa siku nyingi. Ndani hufungwa kizimba cha mabomba ya chuma, ambacho huwalinda dereva na msoma ramani gari linapopinduka, na pia huifanya bodi isijikunje.

Hatua ya pili ni kuliinua gari. Springi ndefu na shokapu zenye mwendo mrefu huruhusu gurudumu kushuka shimoni na kupanda bila bodi kugonga. Chini ya injini na gia boksi hufungwa bamba nene la kinga dhidi ya mawe.

Adui wa tatu ni vumbi. Likiingia katika injini, hukwangua silinda kama msasa, hivyo chujio la hewa hupewa kinga ya ziada. Katika Porsche 911, ambayo injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa badala ya maji, suala hili huhitaji uangalifu mkubwa, kwani magurudumu ya nyuma hurusha vumbi jirani kabisa na injini. Kwa upande mwingine, gari hilo halina rejeta ya maji ya kutobolewa na jiwe, na uzito wa injini juu ya magurudumu yanayosukuma hulisaidia kushika barabara yenye utelezi.

Mpaka wa mabadiliko

Mabadiliko yote hayo huzua swali moja: gari likichomelewa upya, likiinuliwa na kubadilishiwa vifaa, je, bado ni lile la zamani? Katika mbio nyingi za kihistoria za kimataifa jibu hutolewa na hati ya Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), inayothibitisha kwamba gari limejengwa kwa maelezo ya kipindi chake. Hata hivyo, shokapu za leo ni bora kuliko zile za mwaka 1974, na mafundi wana uzoefu wa miongo kadhaa ambao wenzao wa zamani hawakuwa nao.

Athari yake inaonekana katika matokeo. Björn Waldegård wa Sweden, aliyekuwa wa pili mwaka 1974 akiwa na Porsche 911, alishinda Safari Classic mwaka 2011 akiendesha gari la aina hiyo hiyo, akiwa na umri wa miaka 68 na mwanawe Mathias akimsomea ramani. Mwaka 2015 Stig Blomqvist, naye wa Sweden, alishinda kwa Porsche 911. Kwa wakosoaji, huko ni kuipa historia matokeo ambayo haikuwa nayo. Kwa watetezi, gari lililofungiwa katika jumba la makumbusho haliwezi kuonyesha kwa nini Safari iliogopwa, na hilo huonekana tu likirudishwa barabarani.